Vijiti Ndani ya Mkoba wa Mtoto

Jumamosi, 11 Januari 2014

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale maktaba anasema kila mtu aandike kidogo kila siku, kwa lugha yoyote, mkono uzoee. Basi nimeanza. Kiingereza changu kikipata nguvu nitahamia huko. Kwa leo Kiswahili kinatosha.

Baridi imekaza mpaka kioo cha dirisha kimeota barafu kwa ndani. Tupo ghorofani hapa Toronto, mtaa wa Jane na Finch, mimi, Valerian na mtoto wetu Genoveva, ana miezi minne. Tunamwita Geno. Amepewa jina la marehemu mama yake Valerian, maana kwa Wachaga binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba.

Leo wifi Benedicta kaja kutoka mtaa wa Weston na furushi la pampasi. Ndiye dada mkubwa wa Valerian, aliyemsomesha na kumleta huku. Ni mhasibu mjini. Akimshika mtoto anamwita mama. "Mama, umelala? Mama, umeshiba?" Kisha anamgeukia Valerian wanaongea, mimi nachemsha chai. Nilimwomba awe mama wa ubatizo, tumbatize Geno Pasaka. Akajibu, "Tutaona, wifi."

Haya. Tutaona. Siwezi kumlaumu. Alitaka mdogo wake aoe msomi, akaletewa Mpare wa darasa la saba kutoka Same. Siku ya harusi nilimsikia akimwambia mtu, "Ni binti mzuri, lakini hata uma sijui kama anashika." Nilijifanya nafunga viatu.

Alhamisi, 16 Januari

Theluji. Geno kacheka kwa sauti mara ya kwanza, akiichekea soksi yangu.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya misa tulikwenda kwa wifi. Akatuonyesha picha za safari yake ya mwaka jana, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Picha zote ni chakula. Sikuona kanisa hata moja.

"Kule Bilbao na San Sebastián mtu hakai mahali pamoja akajaza tumbo," alisema. "Unakula kidogo hapa, unatembea, unakula kidogo pale. Na siku hizi wanachanganya. Samaki wa kwao, viungo vya Japani, sijui nini cha Meksiko."

"Hao njaa yao iko miguuni," Valerian akasema.

"Wewe nyamaza, mla kiburu cha ndizi na maharage." Tukacheka.

Kumbe kuna Mbaski amefungua mgahawa wa namna hiyo hapa hapa Toronto, mjini. Wifi anataka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa huko tarehe kumi na tano, sisi tuwepo na Phyllis wa kazini kwake. Tulipokuwa tunavaa makoti akaniambia taratibu, "Na lile jambo lako la ubatizo, nitakujibu huko huko."

Nimeelewa. Naenda kutazamwa.

Jumanne, 11 Februari

Nafanya mazoezi ya uma na kisu kwa viazi vya kuchemsha. Kiazi kimoja kimeruka hadi kwenye kigari cha mtoto.

Jumapili, 16 Februari

Nataka kuandika ya jana yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mama alinifundisha: ukialikwa, kula kwako kwanza. Mgeni anayekwenda na njaa anawavua nguo wazazi wake. Nilikuwa nimesonga ugali kabisa. Geno akalia, nikamnyonyesha, akalala, akaamka, akanitapikia gauni la kwendea, nikabadili lake na langu, Valerian yuko mlangoni anasema basi litatuacha, ugali ukabaki mezani umefunikwa sahani. Na basi la Jane likachelewa. Tukasimama kituoni upepo unatukata masikio. Anayenyonyesha anaijua njaa ile. Haiombi, inaamuru. 

Mgahawa ni mdogo, una joto zuri, na kaunta ndefu imepangwa vyakula kama duka la sonara. Vipande vya mkate, juu yake kitu, na kijiti kimechomwa katikati kukishikilia. Samaki wa chumvi na tui la nazi. Pweza na mchuzi mweusi wa Kijapani. Pilipili nyekundu imeshindiliwa nyama ya kaa. Hata ndizi mzuzu ilikuwepo, imevikwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Uma haukuonekana popote. Viazi vyangu vyote bure.

Na aliyekuja kutuhudumia ni nani? Ariane! Binti wa Kirundi wa kwaya yetu ya misa ya Kiswahili. Sikujua anafanya kazi pale. "Mama Geno, karibu sana! Leo mimi ndiye nawalisha." Wifi akafurahi kuhudumiwa na mtu wa nyumbani. Ariane akasimama kueleza taratibu za pale, lakini Geno alikuwa amejichafua, nikainuka naye kwenda msalani. Niliporudi maelezo yameisha, watu wanatafuna.

Nikala. Mungu wangu, nilikula. Chakula kile kitamu, lakini kinaisha kabla ulimi haujakielewa. Kila Ariane alipopita na trei ya vya moto, mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nikaja kutazama mbele yangu, naona vijiti, fungu zima, kama kuni za mama aliyetoka porini. Wifi vyake vilikuwa vichache, amevilaza kwenye kisosi vizuri kama penseli za mwanafunzi.

Phyllis ni Mkenya, mdomo wake hauna breki. "Aii, Mama Geno! Huyo mtoto ananyonya na marafiki zake?"

Wakacheka, na Valerian pia. Wifi akageuka kunitazama. Kabla macho yake hayajashuka mezani nilikuwa nimeshaweka kiwiko juu ya vijiti.

Joto lilinipanda mpaka kwenye nywele. Walipoanza kumwimbia wifi wimbo wa kuzaliwa nikavikusanya vijiti kwenye tishu, nikavisukumia ndani ya mkoba wa Geno, chini ya pampasi. Nikaacha vichache vya heshima. Na hapa ndipo naona haya zaidi: nikaendelea kula. Kila nilipomaliza kimoja, kijiti kilishuka mkobani. Mkono ukawa umeijua njia.

Mwisho Ariane alikuja, akatazama meza, akaandika, akaenda. Wifi akalipa.

Nje wifi akanishika mkono tusiteleze kwenye barafu. "Phyllis amekuonea bure," akasema. "Nimekuangalia. Umekula kama ndege."

"Nimeshiba, wifi."

"Mama yetu alikuwa hivyo hivyo. Mbele za watu hawezi kula. Mwanamke wa heshima." Akamchukua Geno kwangu, akamviringishia skafu yake mwenyewe. "Huyu nitamsimamia."

Nililia palepale barabarani. Valerian akadhani ni baridi. Na nyumbani ule ugali niliumaliza.

Jumatatu, 17 Februari

Natafuta pampasi, kijiti kimenichoma kidole. Nimevitoa vyote nikavitia kwenye kopo tupu la maziwa. Sijui kwa nini sikuvitupa. Valerian angesema Mpare kwa ubahili wake hatupi kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Siku hizi wifi anapiga simu kila jioni. Ananijulia hali mimi kwanza, mtoto baadaye. Jana kanifundisha kupika mtori wa kwao kwa simu, akawa ananiita "mdogo wangu".

Jumapili, 2 Machi

Ariane alinivuta pembeni kabla ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wanakunywa chai.

"Mama Geno, niulize kitu. Siku ile, pale mezani, mlikula sana?"

"Kwa nini?"

"Patroni, mwenye mgahawa, hayupo, amekwenda kwao. Msimamizi wa zamu ameniondoa mezani. Jikoni wanajua trei zilizotoka, na vijiti vya meza yenu havifiki hata karibu. Pale vijiti ndiyo bili, si niliwaeleza? Mtu anaviacha mbele yake, sisi tunahesabu. Kwao Wabaski ni jambo la kuaminiana. Sasa anasema nimewalisha bure watu wa kwetu."

Masikio yangu yakaziba kama mtu aliyezamishwa kichwa majini. Vijiti ndiyo bili. Mimi nilidhani ni uchafu.

"Sitaki kukusumbua," akasema. "Ila ulikaa karibu. Pengine uliviona vimeanguka?"

Nilikuwa na mkoba ule ule begani. Nikasema, "Mimi nilikula kidogo tu. Muulize hata wifi. Nilikula kama ndege."

"Sawa, mama." Akamgusa Geno shavu, akaenda kupanga vitabu vya kwaya.

Nilitumia neno la wifi. Nililichukua lile neno zuri aliloniambia kwa upendo, nikajifunika nalo. Kuvificha vijiti nilikosa kwa kutojua. Lakini leo nilijua. Nilisimama na kikombe cha chai, mwanangu mkononi, nikamwangalia binti wa watu machoni. Nikimwambia Ariane, wifi atasikia. Wifi akisikia, Geno hana msimamizi, na mimi narudi kuwa yule wa kufunga viatu. Nimeandika hivi nipate kujitetea, lakini nikisoma haisimami.

Wakati wa komunyo nilibaki nimekaa. Nikasingizia mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padre kaniambia mimi ni mavumbi. Nikaona ananipendelea.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Valerian. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Mpare wewe! Hata vijiti!" Akafuta machozi. Nikamwambia na ya Ariane, kicheko kikakatika.

"Dada anajua?"

"Bado."

"Basi asijue. Ubatizo ukipita ndiyo tutaangalia."

"Na Ariane?"

"Ariane kijana, atapata kwingine. Toronto kubwa hii."

Nilikuwa nadhani mume wangu ni mtu mpole. Leo nimeona ni mwoga, anamwogopa dada yake kama mtoto aliyevunja glasi. Sikumkasirikia. Nilijiona mimi, nimevaa suruali.

Ijumaa, 14 Machi

Barafu imeyeyuka, imerudi tena. Nimemkuta Ariane kituo cha basi. Sasa anaosha vyombo kule nyuma, na siku wamempunguzia. Ngozi ya vidole imepasuka. Hakusema neno baya. Akafungua begi, akatoa kofia ndogo nyeupe, ameifuma mwenyewe akiwa kwenye basi.

"Ya ubatizo wa Geno," akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante.

Jumatatu, 17 Machi

Kofia naona itamtosha. Nimeshindwa kumvalisha.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Weston peke yangu, nikamwachia Valerian mtoto. Hakuniuliza naenda wapi. Aliniona nikibeba kopo.

Wifi alikuwa anapiga pasi. "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Kabaki na baba yake." Nikaweka kopo juu ya meza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakakimbia. "Wifi, siku ile sikula kama ndege."

"Unasema nini?"

Nikafunua kopo. Akachungulia. Akatazama vijiti, akanitazama, pasi iko mkononi inapumua mvuke.

"Nilivificha," nikasema. "Nilikuwa na njaa, nikala sana, Phyllis akacheka, nikaona haya usinione mlafi. Sikujua ndiyo bili. Na sasa Ariane wameshamwondoa mezani, na aliponiuliza nikamkana."

Akaisimamisha pasi. Kisha akasema taratibu sana, "Kwa hiyo mezani kwangu. Siku yangu. Watu wamelishwa, halafu mtoto wa watu kaonekana mwizi."

"Ndiyo, wifi."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwezi."

Hicho ndicho kilichomuuma. Niliona uso wake ukifunga. Akachomoa pasi, akachukua funguo za gari. "Vaa koti."

Tukaenda hadi mjini. Mgahawa ulikuwa haujafunguliwa. Mwenyewe alikuwa amerudi, mzee mmoja mwenye nyusi nene, anaitwa Koldo. Wifi akaeleza kwa Kiingereza, mimi nikashika maneno machache: wifi yangu, vijiti, yule msichana hana kosa. Kisha akanigeukia. "Vitoe mwenyewe."

Nikamwaga vijiti juu ya kaunta ile ndefu. Vilitoa kelele kuliko nilivyotegemea. Mzee akavitazama kwa muda. Akaniuliza kitu, wifi akanitafsiria bila kuniangalia: "Anasema, kwa nini hukuomba sahani kubwa?"

Nikaokota kijiti kilichoanguka sakafuni, nikakirudisha kwenye fungu. 

Mzee hakunifokea. Wifi akalipa kilichobaki, mimi nikitazama sakafu. Mzee akamwita msimamizi wa zamu, wakaongea chini chini, kisha akamwita Ariane kutoka nyuma. Akaja anajifuta mikono kwenye aproni. Mzee akamwambia arudi mezani kuanzia leo, na akamwomba radhi mbele yetu. Nilidhani Ariane atafurahi. Aliitikia tu kwa kichwa. Akaviona vijiti kaunta, akaniona mimi.

"Nilikuuliza, Mama Geno," akasema. "Kanisani. Nilikuuliza kwa Kiswahili."

"Nisamehe."

"Ungeniambia pale pale tungecheka. Haki ya Mungu, tungecheka mpaka tulie." Akavua aproni ya kuoshea, akaenda kutafuta ya mezani.

Wifi akanirudisha hadi kwetu. Akasimamisha gari mbele ya jengo, injini ikiunguruma.

"Na mimi nilikudanganya," akasema, anatazama mbele. "Mama hakuwa mtu wa kula kidogo. Sisi tukila sebuleni na wageni, yeye anakula jikoni amesimama, moja kwa moja sufuriani. Siku moja nikamkuta. Nilikuwa msichana mkubwa, nasoma sekondari. Aliona haya, akaficha mwiko nyuma ya mgongo. Nami nikarudi sebuleni. Sikumwambia, mama, njoo ukae."

Nikanyoosha mkono, sikujua niuweke wapi.

"Shuka," akasema. "Mtoto anakungoja."

Ya ubatizo hakusema. Nami sikuthubutu.

Jumapili, 30 Machi

Wifi hakupiga wiki nzima. Ariane kaimba, hakuniangalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kitubio. Padre kauliza kama nimerudisha. Nikasema vijiti nimerudisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mto Humber umefunguka, maji yanapita na vipande vya barafu. Simu kimya. Valerian anasema dada yake akinuna hununa msimu mzima. Nikamwambia mpigie wewe. Akapiga! Nilimsikia chumbani anasema, "Dada, na mimi nilijua. Nilimwambia anyamaze. Unikasirikie na mimi." Alitoka jasho linamtiririka. Nikampikia chapati.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tangu Valerian alipoongea naye, wifi hajajibu simu zetu tena, hata jana. Tulifika kanisani asubuhi na mapema hatujui nani atasimama na mtoto. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama yule mama anayepanga maua, labda nimwombe.

Wifi alikuwa mlangoni. Kashika gauni jeupe limekunjwa kwenye karatasi nyembamba. Nikamwamkia. Akaitikia, akanyoosha mikono. "Nipe mama." Akamvalisha Geno pale pale kwenye benchi. Kisha akasema, "Kofia iko wapi? Valerian kaniambia siku ile ya simu kuna kofia." Nikaitoa. Akaivalisha mwenyewe, akaisawazisha masikioni, akatazama kule kwaya ilikokaa.

Geno hakulia majini. Alipiga chafya.

Sherehe tumefanyia ukumbi wa chini wa jengo letu. Mtori wa wifi, makande yangu, na Valerian nje kwenye ubaridi anageuza mishikaki ya mbuzi, macho mekundu kwa moshi. Kwaya nzima ilikuja. Ariane naye alikuja, akakaa mbali.

Nilikuwa na njaa, nimenyonyesha usiku wote. Nikaketi na sahani mezani, katikati ya watu, nikala. Mshikaki mmoja, nikalaza kijiti mbele yangu. Mwingine, nikakilaza pembeni yake. Phyllis alinyanyua kichwa, wifi akamtazama, akakishusha. Halafu wifi akaja na sinia, akanirundikia.

"Bado, wifi. Ongeza. Kaa hapo hapo."

Akavuta kiti akala na mimi. Midomo yetu yote inang'aa mafuta.

Mwisho wasichana wa kwaya wakapita kukusanya vyombo, na Ariane kati yao. Alipofika kwangu nilikuwa sijui nimtazame wapi. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kuvizoa vijiti.

Akaukamata kifundoni. Hakubana.

"Viache," akasema.

Akasimama pale anavihesabu kwa macho, midomo inacheza, kimoja kimoja, kama anavyofanya kazini. Nikamwacha ahesabu. Sikumuuliza ni vingapi. Kisha akachukua sahani yangu, akaviacha vijiti mezani, akahamia meza nyingine.